Mashine ya Kutoa Chumvi

Nilikuja kwa wiki mbili. Niseme hilo kwanza, kwa sababu watu wakinikuta kwenye ua wa baba mkwe wangu nikisugua mashati ya wateja, hunitazama kana kwamba nilizaliwa pale. Nyumba tuliyopanga iliuzwa, mwenyewe mpya akataka kuibomoa, mke wangu akasema, "Twende kwa baba wiki mbili tu, huku tukitafuta kwingine." Sasa ni mwaka wa tano. Mama mkwe alifariki mwezi wa tatu wa hizo wiki mbili, na tangu hapo mtu hatamki neno "kuhama" mezani bila kujiona hana utu.

Mimi ni dobi. Mtaani wananiita Povu, na anayedhani ni kwa sababu ya sabuni hajaniona nikikasirika. Lakini mwanamume anayeishi kwa mkwe hana pa kukasirikia. Nakohoa kabla ya kuingia sebuleni. Sivui shati hata jua likiwa la kupasua kichwa. Redio inasikilizwa stesheni anayoitaka yeye, na geti linafungwa saa moja jioni kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwake. Na katika miaka yote hiyo mzee hajanitolea neno baya hata moja, ndiyo shida yenyewe. Angenitukana, walau ningepata sababu ya kubeba mabegi.

Sasa njoo kwenye maji. Kisima cha pampu pale uani alikichimbisha mwenyewe alipostaafu, baada ya miaka thelathini ya kutunza stoo ya hospitali. Watu wote wanamwita Mzee Stoo, na kisima kile alikipenda kuliko alivyopenda pensheni yake. Maji yake yalikuwa magumu, au kama wanavyosema wote pale mtaani, maji ya chumvi. Sitii chumvi nikisema nusu mche wa sabuni uliweza kuyeyukia kwenye beseni bila kutoa povu la kufunika kidole. Ulitoa utando wa kijivu tu, ukashika nguo, ukashika beseni, ukanishika na mimi mpaka kwenye viwiko. Shati jeupe liliingia na heshima zake, likatoka kama la fundi gereji. Birika lilikuwa na ukoko mweupe unene wa ganda la yai. Bomba la bafuni lilitema maji kwa matundu matatu, mengine yote yameziba. Pasi yangu ya mvuke ilikufa mara mbili. Nikiyalainisha kwa magadi, mikono inababuka na rangi za nguo za watu zinahama. Wateja wa nguo nyeupe walianza kunipita kimyakimya, wakitazama upande wa pili kama nawadai salamu.

Nani amwambie mkwe wake kwamba maji yake ni mabaya? Nilisugua, nikanyamaza.

Kisha mzee akapata presha. Sista mmoja aliyefanya naye kazi zamani akawa anakuja kila Alhamisi na kipimo chake, anamfunga mkono, anapuliza, anatazama, anaguna. "Mia sitini kwa tisini na tano. Mzee, chumvi acha kabisa. Si kupunguza, kuacha." Mzee akacheka, akasema mtu aliyekula chumvi nyingi kama yeye kukatazwa chumvi ni dharau. Lakini aliacha, na sisi tukaacha naye. Mke wangu alipika kila kitu chapwa, tukawa tunakula tukitazamana kama watu waliofiwa.

Wakati huohuo nilikuwa nimepata nyumba. Vyumba viwili juu ya duka, mtaa wa pili kutoka kituo cha basi, na maji ya bomba laini kiasi kwamba sabuni ikiyaona tu inatoa povu. Mwenye nyumba ni mama mjane ambaye nilimfulia mapazia kwa miaka. Aliniambia, "Nitakushikia, Povu, lakini usinicheleweshe." Nilimpeleka mke wangu kuiona. Aligusa kuta zote, akafungua na kufunga kila dirisha. Njiani kurudi akanishika mkono.

"Presha ya baba ikishuka, tunahama," alisema. "Siwezi kumwacha hivi. Ikishuka tu, hata kesho yake."

Usiku chumbani aliyarudia maneno yaleyale, na nilimwamini, maana mke wangu hasemi kitu cha kufurahisha mtu. Basi presha ya mzee ikawa ndio mlango wangu wa kutokea. Kila Alhamisi nilisimama nyuma ya sista nikiukodolea macho ule mshale kuliko mgonjwa mwenyewe.

Fundi wa mabomba ndiye aliyeniletea habari ya mashine. Alikuwa ameing'oa kwenye nyumba ya wageni iliyofungwa, nzima kabisa.

"Maji yenu ya chumvi, si ndiyo?" akaniuliza.

"Ya chumvi kupindukia."

"Basi hii inatoa chumvi. Maji yanakuwa laini kama ya mvua."

"Inatoa yote?"

"Inatoa, nakwambia."

Nilikaribia kumkumbatia. Nguo zangu zingetakata, chumvi ingetoka kwenye maji ya mzee, presha ingeshuka, tungehama. Tulipatana nimfulie nguo za nyumba yake mwaka mzima, na nikaenda kumwambia mkwe.

"Baba, kwa heshima zote," nilisema tukiwa mezani. "Sista amekukataza chumvi, na maji tunayokunywa ni ya chumvi. Kuna mashine ya kuitoa."

Mzee alitafuna chakula chake chapwa mpaka kikaisha. "Inatoa?"

"Inatoa, baba."

"Basi iletwe."

Ilikuwa mitungi miwili. Mmoja umejaa punje ndogo za plastiki, mithili ya ulezi. Wa pili fundi alinionyesha, akasema huu utakuwa unaujaza chumvi ya mawe, gunia kwa gunia.

"Chumvi ya nini tena?"

"Ndiyo inayotoa chumvi."

Nikaona ni sawa na mwizi aliyestaafu kuajiriwa mlinzi, nikacheka, na fundi akacheka. Mzee alivaa miwani, akaizunguka mashine akisoma kila kibandiko, kama alivyozoea kufanya na makatoni ya dawa.

"Na jikoni niunganishe?" fundi akauliza.

"Hasa jikoni!" nikamwambia. "Mgonjwa anakunywa ya jikoni."

Akatazama bomba, akanitazama mimi, akaunganisha.

Siku ya kwanza nilitia sabuni nyingi kwa mazoea ya maji ya zamani, povu likapanda, likavuka ukingo wa beseni, likanifika kifuani. Nilisimama katikati ya ua nikicheka peke yangu. Mashuka yalitakata. Wateja wa nguo nyeupe wakarudi, na salamu zao zikarudi. Mke wangu alikwangua ukoko wa birika kwa kijiko, akasema anaona chuma chake kwa mara ya kwanza. Na mzee akayapenda yale maji. Alikuwa na jagi lake barazani, pembeni ya kiti, na glasi imefunikwa kwa kisahani. Mimi mwenyewe nilikuwa namjazia. "Kunywa, baba, yasafishe mwili," nilimhimiza, na yeye aliitikia, "Nakunywa, mkwe, nakunywa."

Alhamisi ya pili sista aliguna kwa muda mrefu zaidi. Ya tatu akapima mara mbili. Ya nne akafungua mkanda, akautupa mapajani.

"Mia themanini kwa mia na tano. Humu ndani nani anamtilia mzee chumvi?"

Mke wangu alilia palepale. Alimwonyesha sista jiko, makopo, sufuria, kila kitu. Sista akachungulia dirishani, akaona magunia uani.

"Na yale?"

"Ya mashine," nikasema. "Ya kutoa chumvi kwenye maji."

"Aa," sista akasema, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, maana naye kwao wana maji ya chumvi.

Wiki zile zilikuwa mbaya. Miguu ya mzee ilivimba, viatu vikakataa kuingia. Akipanda ngazi mbili za baraza anashika ukuta. Mke wangu alianza kuonja chakula cha baba yake kabla hakijafika mezani, na siku moja nilimwona anaonja na changu, akanitazama kwa jicho ambalo hajawahi kunitazama nalo. Mama mwenye nyumba alinipigia mara tatu, na mara tatu nikamwomba anivumilie. Nilikuwa roho juu. Nitasema na hili, hata kama linaniaibisha. Kuna siku nilimwona mzee anahema, na kilichonijia kwanza hakikuwa huruma. Nilifikiria nyumba yangu inanitoka.

Wiki ya saba fundi akaja kukagua mashine. Ilikuwa asubuhi, mimi naanika mashuka. Alimaliza, akanawa mikono, kisha akamwona mzee barazani anajimiminia kutoka kwenye jagi.

"Mzee bado ana presha?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Imepanda. Hatujui kwa nini."

"Na anakunywa haya?"

"Hanywi mengine."

Fundi aliweka spana chini. "Povu, mtu aliyekatazwa chumvi hapaswi kunywa haya."

"Si yametolewa chumvi?"

"Yametolewa chokaa. Ile chokaa inabaki kwenye punje, na chumvi ya mtungini inaingia kwenye maji badala yake. Zinabadilishana. Na maji yenu yalivyo magumu, inaingia nyingi. Mimi na wewe hatuna neno, lakini yeye?"

"Uliniambia inatoa chumvi!"

"Inatoa, ndiyo. Inaitoa kwenye mtungi, inaitia kwenye maji."

"Nilikwambia maji ya chumvi, ukaitikia!"

"Watu wote wanaita ile chokaa chumvi. Mimi mwenyewe naiita chumvi." Alikuna kichwa. "Sasa ulitaka nianze kufundisha mtaa Kiswahili? Nilikuuliza kuhusu jikoni, ukasema hasa jikoni."

Alikuwa na haki, na ndiyo maana nilitamani kumpiga. Nilimwambia arudi mchana alitoe bomba la jikoni kwenye mashine, liende kisimani moja kwa moja. Kisha nikasimama nyuma ya mashuka yangu, meupe pe, nisijue pa kuficha uso. Nilikuwa nimemtia mkwe wangu chumvi kwa jagi, kwa mkono wangu, nikimwambia kunywa. Na nilifanya hivyo ili nimkimbie.

Mke wangu alikuwa sokoni. Nikapiga moyo konde, nikaenda barazani, nikakohoa.

"Baba, nina neno. Nimekukosea."

"Kaa, mkwe."

Sikukaa. "Yale maji ndiyo yanakupandisha presha. Mashine inayatia chumvi. Nilielewa vibaya. Kosa ni langu, na marehemu mkeo angekuwepo ningepiga magoti mbele yenu wote wawili."

Mzee aliinua glasi, akanywa funda moja, akairudisha mahali pake na kuifunika.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, baba?"

Alitoa karatasi mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne. "Ilikuwa imebandikwa nyuma ya mtungi. Miaka thelathini sijapokea kitu stoo bila kusoma karatasi yake." Akanionyesha kwa ukucha mstari wa mwisho, kwamba aliyekatazwa chumvi asinywe maji yaliyolainishwa. "Niliisoma siku ileile."

"Sasa kwa nini umekunywa?"

Nilipaza sauti. Miaka mitano sijawahi kumpazia sauti, na siku hiyo mashuka yalitikisika kwenye kamba.

"Mlisema presha ikishuka mnahama," alijibu. "Chumba chenu na changu ni ukuta mmoja, mkwe. Tofali moja."

"Unataka kufa?"

"Nani anataka kufa? Nataka isishuke. Hayo ni mambo mawili." Alisema kwa utulivu, kama anamweleza karani mpya. "Glasi mbili asubuhi, mbili mchana. Nikisikia kizunguzungu napunguza moja. Sista akija na uso mzuri naongeza."

Alikuwa anaendesha presha yake kama stoo, kiingiacho na kitokacho. Nilimchukia. Nilimhurumia pia, lakini chuki ilitangulia, na sitajifanya mtu mwema kuliko nilivyo.

"Nitamwambia binti yako," nikasema.

"Mwambie. Ni mkeo." Alitazama mikono yake. "Mama yake alianguka yeye akiwa sokoni. Mpaka leo anaamini angebaki nyumbani, asingekufa. Mwambie na hili, kwamba baba yake alikuwa anajinywesha chumvi ili yeye asiondoke. Ayaweke pamoja."

Nilijua ni kweli. Nimelala kando ya mwanamke huyo nikimsikia anamwomba marehemu msamaha usingizini. Akilijua hili, hatoki tena hata gengeni.

"Na mimi nikikunyang'anya jagi?"

"Magunia yako yako uani. Chumvi ni chumvi."

"Na ukiacha kwa hiari yako?"

"Itashuka. Mtakwenda. Sikulaumu, hata mimi nilihama kwa mkwe wangu." Sauti yake ilitetereka kidogo, na akaonekana kuikasirikia. "Nyumba hii ina vyumba vinne. Nikibaki peke yangu nitakuwa nazungumza na pampu."

Nilitafuta pa kutokea kila upande. Nikihama, atakunywa. Nikisema, mke wangu atalibeba mpaka kaburini. Nikinyamaza na kungoja, atakufa mbele ya macho yangu, glasi kwa glasi, huku akihesabu. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na hata kuapiza sikuweza kwa sababu ni mkwe wangu.

"Hatuhami," nikasema.

"Sema tena."

"Hatuhami, baba. Haki ya Mungu."

"Mpigie mwenye nyumba."

Nikapiga, palepale, sauti imefunguliwa asikie. Mama akauliza kama nina hakika, amenishikia muda wote huu na kuwakatalia watu. Nikamwambia ampe mwingine. Akasema, "Haya, baba, Mungu akupe nyingine," akakata.

Mzee alichukua jagi, akainama kwa shida juu ya miguu yake iliyovimba, akayamwaga maji yote chini ya baraza. "Ahsante, mwanangu," akasema. Siku zote aliniita mkwe. Niliondoka haraka, nikaenda kusugua shuka lililokwisha kutakata.

Mchana fundi alirudi, akakata, akaunganisha. Mke wangu nilimwambia kwamba kwa kunywa na kupikia maji ya kisima yenyewe ni bora, tuyachemshe, yatulie, tuyachuje kwa kitambaa kizito. Mashine ibaki ya nguo na bafu. Hakuuliza mengi. Ukoko ukarudi kwenye birika, na ile chai yenye utando juu ikarudi mezani.

Presha ilishuka. Wiki ya kwanza kidogo, ya pili ikashuka vizuri, miguu ya mzee ikaingia kwenye viatu. Alhamisi ya tano sista alipima, akapima tena, akapiga makofi. "Mia thelathini kwa themanini na mbili! Mzee, unatafuta mchumba?" Mzee alicheka, akateremsha mkono wa shati, hakunitazama.

Mke wangu alinivuta chumbani kabla sista hajafika getini. Akafunga mlango. Akapiga magoti, akavuta kutoka uvunguni sanduku ambalo sikujua kama lipo. Ndani kulikuwa na sufuria zimefungwa magazeti, vikombe vimefungwa taulo, na juu yake mapazia mapya ya kijani.

"Nilipima madirisha siku ile kwa shubiri," alisema, uso unang'aa. "Nilikuwa nashona ukienda kupeleka nguo. Sikutaka ujue, nisije nikakutia matumaini bure. Mpigie yule mama."

"Nyumba imechukuliwa."

"Tutatafuta nyingine basi. Baba amepona, umemwona. Amesema hata jana, tusikae hapa kwa ajili yake."

"Amesema hivyo?"

"Amesema."

Ng'ambo ya ukuta kiti kililia, kikanyamaza.

"Tusitafute," nikasema. "Mimi nimepazoea hapa."

Alicheka kwanza. Kisha akaona sicheki. "Miaka mitano unanisumbua na kuhama. Miaka mitano! Leo ndiyo umepazoea?"

"Mashine iko hapa. Wateja wako hapa. Nilikuwa nasema tu."

"Ulikuwa unasema tu." Alishika pazia moja, akalikunja, akalikunjua. "Na mimi nilikuwa nalia nini, basi? Nilikuwa naomba presha ya baba yangu ishuke, na nusu ya dua yangu ni nyumba. Unajua nilivyojiona?"

Nilijua, hakuna mtu duniani aliyejua kuliko mimi, na sikuweza kumwambia. Nilipiga magoti upande wa pili wa sanduku. Nikachukua sufuria ya juu, nikaanza kuifungua magazeti, kwa sababu yeye hakuwa anasogea.